Abiria wa Siti ya Nyuma

Kijakazi aliegemea mlango wa nyuma wa lile gari, nalo likawaka.

Mumewe, Shaibu, alikuwa amelihangaikia tangu asubuhi. Alikuwa fundi umeme wa magari, na gereji yake ilikuwa ua wa nyumba waliyopanga Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alikuwa amesafisha vichwa vya betri, amekaza waya unaofungwa kwenye bodi, ameshusha stata, akaifungua na kuirudisha. Kila alipozungusha ufunguo, kimya. Ndipo mkewe alipokuja na kikombe cha uji, mimba yake ikiwa ya miezi minane, akaegemea gari apumzishe mgongo, na injini ikanguruma.

"Usiondoke hapo!" Shaibu akasema kwa furaha. "Kuna waya umegusana. Hebu inuka kidogo."

Kijakazi akainuka. Injini ikazima.

"Egemea tena."

Ikawaka.

Hitilafu inayokuja na kuondoka humtesa fundi, lakini akishajua inakuja wakati gani, kazi imekuwa nyepesi. Shaibu akaegemea yeye mwenyewe palepale. Kimya. Akamwita Abbasi, jirani yao mshona viatu, mtu mnene wa kuvunja vitanda, akamketisha siti ya nyuma. Kimya vilevile. Kijakazi akarudi kuchukua kikombe chake, na kidole chake kilipogusa mlango tu, gari likawaka, na taa ndogo ya ndani nayo ikajiwasha ingawa milango yote ilikuwa imefungwa.

"Hili linawapenda wajawazito," Abbasi akatania.

Kijakazi hakucheka. Mimba mbili zilikuwa zimekwishamharibikia, na hakupenda mzaha wa aina hiyo. "Humu ndani mnanuka tope," akasema. "Tope la mafuriko."

Mwenye gari alikuja alasiri. Alikuwa Sista Candida, mkunga wa zahanati moja Magomeni, mwanamke wa Masasi aliyezoea kusema kwa sauti kubwa. Shaibu alipomsimulia kisa cha mkewe na ule mlango, Candida aliweka mkoba wake chini, akatafuta pa kukaa.

"Fundi, niambie kwamba ni waya," akasema polepole.

"Sijauona bado, Sista."

"Masika iliyopita nilimpakia mama mmoja, uchungu umemshika. Tulipofika bonde la Jangwani gari likazima, maji yamejaa kila upande. Alikuwa ananishika mkono, ananiuliza, 'Sista, tumefika?' Namjibu tumekaribia. Kaniuliza hivyo mpaka akakata roho, na mtoto wake tumboni." Akatazama siti ya nyuma, akageuza uso haraka. "Tangu hapo haliwaki mpaka niwe namfuata mzazi. Mwezi uliopita nikampakia mwingine. Halikuzima hata mara moja. Yule mama alifika mzima, Fundi, lakini mtoto hakuwa hai, na yeye mwenyewe anacheka. Anacheka, ananiambia, 'Sista, tumefika.'"

Uani, cherehani ya Abbasi ya kushonea viatu ikanyamaza.

Candida aliliacha gari, akarudi kwake kwa basi. Jioni hiyo Kijakazi alimwambia mumewe amwitie shangazi yake, Bi Mwanamkuu wa Magomeni, ambaye watu humwendea kwa mambo ya majini. Bibi huyo alifika kesho yake, akaitikia marahaba zake mlangoni, akalizunguka gari mara moja bila kuligusa.

"Maskini yule aliyekufa kaenda zake kwa Mola wake," akasema. "Hili ni jini. Limeokota sauti yake bondeni, linaitumia."

"Lakini shangazi, jini hupanda kichwani mwa mtu," Shaibu akasema. "Hili liko kwenye gari."

"Kupanda ni kupanda, mwanangu. Humu linasubiri tu." Akamshika Kijakazi bega. "Wewe usiingie humo, hata inyeshe mvua ya mawe. Jumatatu nakuja na vitu vyangu tulitoe."

Shaibu akang'oa betri, akaifungia stoo. Hata hivyo, kila Kijakazi alipopita kwenda kuanika nguo, ile taa ya ndani iliwaka, hafifu, na siti ya nyuma ikabonyea upande mmoja kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake.

Uchungu ulimshika Jumapili, baada ya saa nane mchana, kabla ya wakati wake, na damu ikatangulia. Ilikuwa miaka ile ya kubana mafuta, ambapo Jumapili saa nane ikishapita gari la mtu binafsi lilikuwa marufuku barabarani. Kariakoo yote ilikuwa imelala. Maduka yamefungwa, na simu pekee ya mtaani imefungiwa ndani ya duka mojawapo. Shaibu alikimbia mpaka Msimbazi kutafuta teksi, akakuta lami tupu inayowaka jua. Aliporudi akasikia injini.

Gari lilikuwa limewaka, halina betri, halina ufunguo, linanguruma kwa upole kuliko gari lolote alilowahi kulitengeneza, na mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi.

Kijakazi alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, kanga imelowa, macho yake yametulia mno. "Shaibu, hospitali tayari wanatungoja," akanong'ona. "Dakika chache tu tumefika."

"Usiingie! Kijakazi, usiingie!"

"Mtoto atakufa tukikaa hapa."

Na hilo ndilo lililomsimamisha Shaibu, kwa sababu lilikuwa kweli. Gari lilikuwa linawaka. Hospitali haikuwa mbali. Kwa kitambo kidogo aliuweka mkono wake kwenye mlango ule, na ndani akasikia harufu ya tope na pumzi ya mtu aliyekuwa amengoja sana. Akambeba mkewe, naye Kijakazi anampiga ngumi za kifua huku analilia gari, akatoka naye barabarani anamwita Abbasi. Abbasi alikuja anasukuma mkokoteni wa mchukuzi mmoja wa sokoni. Wakatandika gunia na kanga, wakamlaza, wakaanza kusukuma.

Walishika Mtaa wa Msimbazi kuelekea Fire, kwenye kituo cha zimamoto, watu wawili wanaohema kwenye barabara isiyo na gari hata moja, na walipovuka kona ya kwanza wakaisikia ile injini nyuma yao, haikazi mwendo wala haipunguzi, inakuja kama mtu anayesindikiza maiti, na Abbasi akawa anasoma kila aya aliyoikumbuka, anachanganya mwanzo wa hii na mwisho wa ile, na Shaibu hakugeuka, alitazama kisigino cha mkewe kinachotikisika mbele yake na kujiambia kwamba hageuki kwa sababu hakuna kitu, ni mwangwi wa kuta, ni joto, ni masikio ya fundi aliyekaa na injini siku nyingi, mpaka walipoingia barabara ya kwenda Upanga ule mngurumo ukazima ghafla, mlango ukafunguliwa, ukafungwa, na tangu hapo mkokoteni ukawa mzito, mzito hata magurudumu yakalia na Abbasi akapiga magoti lami ikamchuna.

"Tumechoka tu," Shaibu akamwambia. "Sukuma."

Wakasukuma mpaka geti la hospitali.

Giza lilikuwa linaingia wakati muuguzi mmoja, Selina, alipotoka wodi ya wazazi na kumkuta Shaibu na Abbasi kwenye benchi.

"Hongera, baba. Mtoto wa kike, na mama yake ni mzima. Damu imekatika."

Shaibu akafunika uso kwa mikono yake michafu, akalia.

"Ila yule mwenzake anatupa kazi," Selina akaendelea. "Tunamuuliza jina hasemi. Yeye ni nani yako?"

"Mwenzake yupi?"

"Wale wanawake wawili uliowaleta. Nilikuwa pale getini, baba. Walikuwa wamelala pamoja mkokotenini, huyo mwingine amemkumbatia mkeo."

Abbasi aliinuka, akaondoka bila kuaga. Shaibu alibaki. Hakuruhusiwa kuingia mpaka asubuhi, na asubuhi Bi Mwanamkuu, aliyepewa habari na Abbasi, alikuwa naye, ubani umefichwa ndani ya pindo la kanga.

Kijakazi alikuwa anamnyonyesha mtoto, amejibana ukingoni kabisa mwa kitanda. Nafasi iliyobaki upande wa pili ilikuwa imelowa, na shuka limekuwa rangi ya udongo.

"Usikae hapo, shangazi," akasema kwa sauti ya chini. "Amelala."

Bi Mwanamkuu hakukaa. Aliinama, akaizungumzia ile nafasi tupu kama anavyozungumza mtu na mgeni aliyekawia kuondoka.

"Ulitaka kufika. Umefika. Huyu si wako, na mtoto si wako. Shuka."

Kijakazi akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. "Nishuke niende wapi?"

"Sikuulizi uendako. Shuka, kwa jina la Aliyekuumba!"

Kitanda kikalia. Shuka likanyanyuka katikati, kisha likalala. Kwenye sakafu ya saruji ikatokea alama ya mguu, ya maji na tope, na baada yake nyingine, zikampita Shaibu karibu kiasi cha kumpoza goti. Mtoto akaanza kulia kwa nguvu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na Kijakazi akamtazama mumewe kwa macho yake mwenyewe.

"Shaibu," akasema, "twende nyumbani."

Bi Mwanamkuu alikuwa amejiegemeza ukutani, amefumba macho, anashukuru. Ni Shaibu peke yake aliyeziona zile nyayo zilivyofika mlangoni. Hazikwenda kulia, kwenye lango la kutokea. Ziligeuka kushoto, kwenye chumba cha wanaojifungua, ambako tangu alfajiri mwanamke mmoja alikuwa anamwita mama yake.

Alikuwa bado amesimama hapo Selina alipotokea huko mbiombio.

"Baba, yule ndugu yenu kaingia kwa mgonjwa wangu, kapanda mpaka kitandani! Nani kamruhusu? Mnamjua au hamumjui?"

Shaibu alimtazama mkewe, akamtazama mtoto. Akavua shati lake, akamfunika nalo mtoto kichwa.

"Hatumjui," akasema, akawatoa nje mkewe na mwanawe.