Wiki Mbili Alizozificha Nyanjige

Soko la Bariadi lilikuwa limefurika siku ile Nyanjige alipoinua uso kutoka kwenye cherehani yake, akaona kichwa cheupe pe kikiinama kuingia barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nishonee mfuko wa suruali, umetoboka."

Sauti ilikuwa ya kijana. Nyanjige akatazama vizuri, akacheka hadi kitenge cha mteja kikamponyoka. Weupe ule haukuwa mvi, ulikuwa nyuzi za pamba. Kijana huyo, Maduhu, alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hata kunawa hajanawa.

"Umenilia shikamoo yangu! Nirudishie."

"Nitakurudishia jioni, kwa soda baridi."

Ndivyo walivyoanza. Simu zikawa asubuhi na jioni.

"Umekula, mzee wangu?"

"Nitakulaje na mpishi yuko kwao?"

Katikati ya maneno Maduhu alikohoa, kikohozi kikavu, na Nyanjige hakukijali. Nani afanye kazi kwenye pamba asikohoe?

Kikohozi kilipomaliza mwezi na sauti ikaanza kukwaruza, alimpeleka zahanati mwenyewe. Makohozi yakapimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Maduhu akatoka nje akipiga mluzi. Daktari akamwita Nyanjige pembeni.

"Binti, pamba isitudanganye. Kikiendelea wiki mbili, mrudishe. Nitampa barua akapigwe picha ya kifua."

Wiki mbili zile zikaangukia siku ya wajomba kuja kutoka Sola kumtazama mchumba. Nyanjige aliwajua wajomba zake. Mwanamume anayekohoa hawampi binti. Basi neno la daktari akalimeza. Akamvalisha Maduhu shati jeupe alilomshonea kwa mkono wake, akamtia pipi za kifua mfukoni.

"Ukisikia kinakuja, bana."

Maduhu akabana hadi machozi yakamlenga. Mjomba Mboje akamsifu, "Kijana ana haya huyu," na uchumba ukakubaliwa.

Msimu wa pamba ukaisha, vumbi likatulia. Kikohozi hakikutulia. Kila siku Nyanjige alisema atamwambia kesho.

Mwezi wa nne tangu neno la daktari, Maduhu alikohoa damu. Akaenda Mwanza bila kuaga, simu ikazimwa. Siku ya sita ikaita.

"Mzee wangu, uko wapi? Umepata mwingine?"

"Niko hospitali, Mwanza. Nimepata kansa, Nyanjige. Uvimbe uko kwenye njia ya hewa. Waambie wajomba wakutafutie mtu mzima wa afya."

Akakata.

Alfajiri Nyanjige alipanda basi, kilemba amekifunga ndani nje bila kujua. Akamkuta Maduhu kwenye benchi la hospitali, shati limempwaya mabegani. Mama mmoja asiyewajua alimtazama Nyanjige usoni, akasogea bila kuombwa, akapakata kikapu chake ili apate pa kukaa.

"Nilikwambia nini?" Maduhu alinong'ona.

"Nimekuja kukwambia kitu. Kisha unifukuze ukitaka."

Akamweleza yote: daktari, wiki mbili, picha ya kifua, wajomba. "Nilijua, Maduhu. Nilikuwa na neno la kukuponya mdomoni, nikakulisha pipi."

Maduhu akahesabu kwa vidole.

"Miezi minne."

"Ndiyo."

"Wanasema uvimbe bado ni mdogo, wanaweza kuutoa. Ungekuwa mdogo zaidi."

"Najua." Hakujitetea.

"Kifua kilikuwa changu, nami nilikuwa nasikia kinavyokwaruza. Sikulaumu kwa hilo. Lakini neno lile lilikuwa langu, Nyanjige. Ungenipa."

"Ningekupa."

Muuguzi akaleta fomu ya upasuaji. Palipoulizwa ndugu wa karibu palikuwa patupu. Maduhu akaishika kidogo, kisha akamsogezea, kalamu juu yake. Nyanjige akaandika jina lake. Mbele yake palikuwa na neno uhusiano, na hapo mkono ukasimama.

"Niandike nini?"

"Hasira bado ninazo," Maduhu alisema.

"Kaa nazo. Niandike nini?"

"Andika mke. Na daktari akiita, tunaingia wote wawili."

Nyanjige akafuta macho kwa kiganja, akaandika polepole, asikosee herufi.