Mkanda wa Beli Ram

Jumatatu tarehe 24 Machi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, hakimu wa Kotgaru aliamuru furushi likatwe. Lilikuwa furushi la kitambaa cheupe, limeshonwa na kupigwa mihuri tisa ya lakiri nyekundu. Karatasi zilisema ndani yake umo uso wa shaba wa Devi, mungu wa kike wa Bhatoli, ulioibwa hekaluni na kukamatwa na polisi tarehe 3 Januari. Karani alihesabu mihuri, akaikuta mizima. Akailinganisha na sampuli, ikalandana. Akakata. Ikatoka sinia ya shaba ya sokoni, imekunjwa kwa nyundo ifikie uzito.

Kuhani wa Bhatoli, aliyetembea tangu alfajiri kuja kumchukua mungu wake kwa ajili ya sikukuu, alikaa sakafuni pale pale mahakamani.

Macho yote yalimgeukia Hedikonstebo Beli Ram, mtunza stoo ya vielelezo. Ufunguo wa stoo ulikuwa wake peke yake. Alibakiza siku saba astaafu baada ya miaka thelathini na nne, na jeshi la polisi halina utani katika hilo: mwenye kesi haendi nyumbani na pensheni, anakwenda na kesi.

Mchana huo Kamanda wa wilaya alimkabidhi upelelezi Inspekta Mdogo Nirmala Jaryal. Katika jeshi lile mtu husoma mabega kabla ya kusoma uso, na mabega ya Nirmala yalikuwa na nyota mbili tu. Mkuu wa kituo cha Kotgaru, Inspekta Mankotia, alikuwa na tatu. Juu yake yuko Naibu Kamanda Chandel, na juu ya Chandel ndipo Kamanda. Kumhoji aliyekuzidi nyota ni sawa na kumpekua baba mkwe mifukoni, na Nirmala alilijua hilo. Alipewa siku mbili.

Saa tisa alasiri alifika kituoni. Inspekta Mankotia alimpokea kwa ukarimu, akamwekea kiti, akamsaidia kufikiri. Kwa maoni yake mambo yalikuwa wazi. Desturi ni kwamba afisa akishapiga lakiri, mhuri wenyewe anakabidhiwa raia shahidi, ili polisi wasije wakafungua furushi na kulifunga tena kwa siri. Mhuri wa Mankotia alikabidhiwa Durgu, muuza chai wa mlangoni. Beli Ram ana ufunguo, Durgu ana mhuri, na wawili hao ni majirani.

"Inaniuma kusema," Mankotia alisema, "lakini moja na moja ni mbili."

Nirmala alishukuru, akaenda stoo. Beli Ram alivua viatu mlangoni kabla ya kufungua. Alieleza kwamba tangu Devi aletwe humo hakuwahi kuingia na viatu, na kila asubuhi alimchomea udi mbele ya rafu. Kweli, mafurushi yote ya rafu ile yalikuwa yameingia manjano ya moshi. Nirmala alitoa mkobani kitambaa alichokichukua mahakamani, akakiweka kando ya mengine. Kilikuwa cheupe pe, kinanuka wanga wa dukani.

Basi furushi la Januari lilikwisha kufunguliwa, na hili lilikuwa la juzijuzi, limepigwa mhuri ule ule wa kweli.

"Ufunguo unakaa wapi, mzee?"

"Kwenye mkanda, afande. Na mkanda haubanduki kiunoni ila nikioga na nikilala."

"Hata siku moja hujamwachia mtu?"

Beli Ram alitazama vidole vya miguu yake. "Kitabu cha matukio kinasema nilikuwepo kila siku, afande."

Nirmala aliona kwamba hilo halikuwa jibu la swali lake. Naye alitamani mzee huyu awe mkweli.

Jumanne saa mbili asubuhi alikwenda kwa Durgu, akanunua chai, akasubiri wateja wapungue. Durgu aliapa kwamba mhuri ulining'inia kwenye msumari nyuma ya jiko, umefungwa kitambaani, tangu Januari. Nirmala akanyoosha mkono, akaufungua kitambaa chake. Kitambaa kilikuwa cheusi kwa masizi, lakini fundo lilikuwa jipya na safi kwa ndani.

"Kaka Durgu, fundo la miezi miwili na nusu lingekuwa jeusi hata kwenye mikunjo. Nani aliuazima?"

"Dada, jiko langu liko mlangoni kwao. Nikimtaja mtu leo, kesho nauzia chai mbuzi."

"Basi nitajie siku."

Durgu alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Jumapili tarehe tisa. Ile ya posa ya binti wa Naibu Kamanda. Kituo kilikuwa kitupu, wote wameenda kula."

Nirmala alirudi kituoni kukipitia kitabu cha matukio. Jumapili tarehe 9 hakuna kesi iliyofungwa mhuri. Iliandikwa kwamba Beli Ram alikuwepo na ufunguo kutoka asubuhi hadi jioni. Kurasa zote za mwezi ule ziliandikwa na Beli Ram kwa herufi zake ndogo ndogo. Ukurasa wa tarehe 9 peke yake ulikuwa na mwandiko wa Inspekta Mankotia.

Ilipofika saa saba Beli Ram alimletea chakula, maana hata mshukiwa hawezi kumwacha mgeni na njaa. Ulikuwa wali na dengu za mtindi. Nirmala alikula tonge la kwanza, akasimamisha mkono. Ladha ile aliijua. Jumapili ile naye alikuwa mgeni wa Naibu Kamanda, akala sahani mbili, akauliza mpishi ni nani, akaambiwa ni wa kukodi.

"Wewe ni wa ukoo wa wapishi wa karamu," alisema taratibu. "Tarehe tisa ulikuwa kwa Naibu Kamanda."

Beli Ram alishika mkanda wake.

"Na mpishi wa karamu huoga, hufunga shuka, huingia jikoni bila hata uzi wa ngozi mwilini, maana ngozi ya mnyama hunajisi chakula. Mkanda wako ni wa ngozi, mzee. Ulimwachia nani?"

Mzee alikaa kwenye kreti. Kituo kizima kilijua kuna waraka wa makao makuu, umebandikwa ukutani juu ya kichwa chake, unaokataza askari kufanyishwa kazi za nyumbani kwa wakubwa. Akisema alikuwa wapi, anamchoma Naibu Kamanda, na ni Naibu Kamanda anayesaini karatasi za pensheni. Asiposema, yeye ndiye mwizi. Nirmala alimwonea uchungu kiasi cha kushindwa kumaliza chakula.

"Nina mjukuu anaolewa Mei," Beli Ram alisema. "Acha Devi aseme mwenyewe, afande. Mimi nimekula chumvi ya watu hawa, siwezi kuwageuka."

Saa kumi jioni walisimama ofisini kwa Kamanda: Mankotia, Chandel, Beli Ram, na Durgu aliyejibanza mlangoni. Nirmala aliongea kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Kitambaa hakina moshi, kwa hiyo furushi lilifungwa upya. Fundo la mhuri ni jipya, na mhuri uliazimwa tarehe tisa. Kufanya kazi ile kulihitaji vitu viwili siku moja, mhuri na ufunguo.

"Na ufunguo alikuwa nao Beli Ram," Mankotia alisema kwa utulivu. "Kitabu kinasema alikuwa kituoni. Nani anakipinga kitabu?"

Nirmala alimgeukia Chandel, akapiga saluti, maana bila saluti lisingesemeka.

"Afande, mimi nilikula sahani mbili."

Chandel alikuwa ameshika kofia yake mapajani. Alimtazama Beli Ram, aliyesimama wima, kifua mbele, tayari kufungwa kwa ajili yake bila kunung'unika. Nadhani aibu ilimzidi nguvu, na si watu wengi wa cheo chake inaowazidi.

"Alikuwa kwangu," Chandel alisema. "Tangu alfajiri mpaka jua linazama. Mimi ndiye niliyemwambia inspekta aandike kwamba yuko kituoni."

Hapo ulimi wa Beli Ram ukafunguka. "Mkanda nilimkabidhi inspekta mkononi, afande. Alisema ataulinda kama wake."

"Na mhuri alikuja kuuchukua yeye," Durgu alisema kutoka mlangoni. "Alisema ana kesi ya bangi. Nilimpa na chai."

Mankotia alivuta kiti akakaa bila ruhusa. Alieleza bila kusukumwa. Mwenye hoteli mmoja, shemeji wa mbunge, aliutaka uso ule kwa ukumbi wake wa kulia. Jina la Mankotia lilikuwa kwenye orodha ya kuhamishiwa makambini, kusimamia gwaride na mabanda ya mabati, na shemeji aliahidi kulifuta. Kesi za vielelezo hukaa miaka kumi na tano. Mtunza stoo akistaafu, anakabidhi kwa kuhesabu mihuri, hakuna anayefungua. Sinia ingekuja kuonekana wakati Beli Ram ni majivu.

"Sikujua kuhani ataomba mungu wake kabla ya sikukuu," alisema.

"Ulimjua Beli Ram, ukamtia kitanzi," Kamanda alimjibu, akanyoosha mkono kupokea mkanda wa Mankotia.

Jumatano uso wa Devi uliondolewa ukutani hotelini. Chandel alipewa barua ya onyo na uhamisho, lakini kabla ya kuondoka alisaini karatasi za pensheni.

Tarehe 31 Machi Beli Ram alirudisha mali ya serikali: kofia, filimbi, mkanda. Jioni alikuwa Bhatoli, peku, shuka kiunoni, anapakua karamu ya kumkaribisha Devi nyumbani. Nirmala alikuja na nguo za kawaida, akaketi mstarini na wanakijiji. Mzee aliinama, akamwekea wali na dengu za mtindi.

"Kula, binti yangu," alisema. "Leo nimepika bila amri ya mtu."