Mashine ya Kushoto

Mimi hukimbia hata paka mweusi, lakini rafiki yangu Yunus si mwoga, na hili hulisimulia bila kucheka.

Mwaka 1974 alikuwa fundi wa boti ya ushirika yenye mashine mbili za dizeli. Asubuhi moja ya ukungu walikuwa wakimkimbiza Mzee Protase, aliyemfundisha kazi, kutoka kisiwa cha Goziba kwenda hospitali Bukoba.

Protase alilazwa juu, karibu na mlango wa chumba cha mashine, akihema kwa nguvu. Akamwita fundi wake: "Yunus, mashine zinagombana kama wake wenza! Zilinganishe!" Mwendo wa mashine mbili ukitofautiana, mlio huvimba na kufifia, vuu... vuu...; ukilingana, huwa mmoja.

Mara paipu ya mafuta ya mashine ya kushoto ikapasuka. Yunus akaizima, akaichomoa paipu gizani. Boti, ikisukumwa na mashine moja tu, ikaanza kuvuta upande. Kule juu, kuhema kukakoma.

Mashine moja haigombani peke yake. Lakini vuu... vuu... ikarudi, ikapungua taratibu, ukabaki mlio mmoja laini.

"Safi, fundi!" nahodha Mwijage akaita. "Usukani umenyooka. Ila panda, mzee ametuacha."

Paipu ilikuwa bado mkononi. Yunus akagusa shafti ya kushoto, chuma kinachozungusha pangaboi. Ilikuwa imetulia tuli.