Nukta Isiyo na Namba

Nukta ya arobaini na moja ilitokea kwenye mchoro wa Profesa Jumanne saa nne asubuhi, jua likiwaka na chumba cha kompyuta kimejaa wanafunzi. Ndiyo maana hakuogopa. Alikasirika tu.

"Profesa" lilikuwa jina la utani. Wenzake walimpachika kwa kiherehere chake cha kusoma. Utafiti wake wa kumalizia shahada ulichora nani anaandikiana ujumbe wa simu na nani bwenini: wanafunzi arobaini, kila mmoja nukta yenye namba badala ya jina, na mstari kati ya kila wawili wanaowasiliana. Mdogo wake, wa mwaka wa kwanza, alikuwa namba saba. Sasa katikati ya mchoro ilikaa nukta isiyo na namba, ikiandikiana na watu wote.

Msimamizi wake, mzee asiyependa maneno mengi, alimkumbusha utaratibu: asiyesaini fomu ya ridhaa haingii kwenye utafiti. Amtoe, au amsainishe. Kumtoa kungemlazimu kurudia hesabu zote, na zilibaki siku tisa awasilishe. Kwa uvivu, tuseme ukweli, Profesa akaitumia ile nukta fomu: Je, unakubali kushirikiana nasi? Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole. Nimekubali.

Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Watu wakatazamana, wakafungua madirisha.

Siku ya tatu mistari ilianza kukatika. Marafiki wa chumba kimoja hawakuandikiana tena, wala kusemezana. Mistari yote iliyobaki ilielekea nukta ya katikati. Siku ya tano Profesa alirudi mchana chumbani wanamokaa pamoja akamkuta mdogo wake amekaa akiuelekea ukuta, chakula cha jana hakijaguswa, akinong'ona kwenye simu iliyoisha chaji, akinyamaza kama anayesikiliza, akicheka, akinong'ona tena, na kila aliponyamaza kitu ndani ya ukuta kilikwaruza polepole kwenda juu, kikashuka, kikasimama usawa wa sikio lake. Profesa alimshika bega. Lilikuwa la baridi, na hakugeuka.

Akamkimbilia fundi wa nyaya za chuo, mtu mzima ambaye hafungui kisanduku chochote bila kusoma dua kwanza. Wanafunzi humcheka kwa hilo, Profesa akiwa wa kwanza. Siku hiyo hakucheka; alimsimulia yote.

"Mlimkuta tu, au mlimkaribisha?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilimtumia fomu, baba."

"Kwa maandishi." Fundi akashusha pumzi. "Basi hiyo kazi uliyomkaribishia ndiyo uifute, mwanangu. Yote. Usibakize hata nakala. Na jina lako na la mama yako asiyapate; hao humfuata mtu kwa hayo."

Mwaka mzima wa kazi. Profesa alifuta huku analia waziwazi, fundi akisoma dua pembeni yake. Harufu ikapanda hadi wakakohoa, taa zikafifia, kisha pakatulia. Alipofika chumbani mdogo wake alikuwa anakula. Alimkumbatia, hakujali tena shahada wala nini.

"Ameondoka, dada," mdogo wake alisema taratibu. "Ila hakuwa na shida na sisi. Kila siku aliniuliza wewe ni namba ngapi."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba huna namba, wewe ndiye unayetuchora. Basi akaomba jina." Akameza. "Nikamtajia. Lako na la mama."