Ulimi wa Mzee Zakaria

Asmani wa Gatete, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, siku hizi hali kitu kilichoungwa kwa mawese. Akisikia harufu yake tu anatoka nje kutema mate. Naye miezi mitatu iliyopita alikuwa mtu wa kukomba sufuria kwa kidole.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni kilicho njia ya Kigwena, akisimamia tangi. Asubuhi alifungua mvuke, akamimina mawese, akaachia kostiki kidogo kidogo, ile dawa inayogeuza mafuta kuwa sabuni na ngozi ya mtu kuwa kidonda. Kisha alikaa akitazama kipimo cha joto mpaka uji wa sabuni uive. Kazi safi, ukimsikiliza yeye akiisimulia. Mimi niliingia mle mara moja tu, na shati nililifua mara tatu.

Aliyemfundisha ni Mzee Zakaria. Karatasi za kupimia kostiki zilikuwa zikiisha na kuchelewa kuletwa, kwa hiyo mzee alipima kwa ulimi. Alichota uji kwa kijiko, akaupuliza upoe, akaugusa kwa ncha. Ukimchoma, alitikisa kichwa na kusema neno moja: "Bado." Usipomchoma, alinyamaza. Akinyamaza, vijana walileta kalibu, visanduku vya mbao vya urefu wa mkono, wakajaza sabuni.

Miaka thelathini ya kulamba ilimwachia ulimi mweupe, unaoteleza, kama tumbo la samaki. Alipenda kuutoa nje kuwaonyesha wageni. Kinyaa kitupu! Lakini sabuni yake haikuwahi kumchubua mtu.

Mzee alifariki Jumatatu moja, na Asmani alikuwa mmoja wa wanaume watatu waliomwosha. Sabuni aliileta yeye kutoka kiwandani, kwa heshima. Tatizo lilikuwa ulimi. Walipourudisha kinywani, ulitoka tena, ikabidi taya lifungwe kwa kitambaa. Ili ashike kitambaa kwa mikono miwili, Asmani alitia mfukoni kipande cha sabuni kilichobaki. Kipande kama hicho kila mtu anajua kinakokwenda: shimoni, pamoja na maji ya josho. Yeye akakisahau.

Kesho yake, akiwa na suruali ileile, alifanya anachofanya kila asubuhi, kukusanya mabaki ya sabuni na kuyarudisha tangini yayeyuke upya. Mkono uliingia mfukoni, ukakuta kipande, ukakitupa pamoja na vingine. Mkono ulishazoea. Akili ilimjia baadaye, kipande kimeshazama, na juu ya uji unaelea unywele mmoja mweupe wa ndevu.

Angesema, tangi lingemwagwa na habari ingeishia hapo. Lakini huku kwetu anayekutwa na kitu cha maiti anapewa jina moja tu, mchawi, na Asmani alikuwa na mke anayenyonyesha. Akautoa unywele kwa kijiko. Ukaja mwingine. Akautoa. Ukaja mwingine.

Ilipofika saa nne uji ukaanza kunuka. Evangelina, mama anayekata miche ya sabuni, alisogea huku ameziba pua kwa kitenge.

"Asmani, mumetia nini humu?" alinong'ona.

"Mawese ya zamani, mama."

"Mawese hainukake hivi. Hii iko kinywa ya mutu."

Shefu Aristide, mkubwa wa kiwanda, alipaza sauti kutoka mlangoni kwamba lori linangoja, apime haraka. Karatasi hazikuwapo. Asmani akachota kijiko. Akapuliza. Akafumba macho, akatoa ulimi.

Ulimi wake haukufika kwenye kijiko. Kitu laini, cha vuguvugu, kilipanda kutoka kwenye uji kikamlamba. Polepole. Kutoka ncha mpaka katikati. Kikarudi.

Alitapika palepale, na matapishi yalitoka na povu. Tangini kiputo kikubwa kilivimba, kikapasuka, na katika kupasuka kwake alisikia sauti anayoijua.

"Bado."

"Shefu, tuimwage hii," alisema akifuta mdomo.

"Kwa sababu gani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Asmani akachukua ndoo, akamwagia maji matapishi.

"Basi mujaze kalibu," akasema Aristide.

Miche ilikauka kwa siku tatu. Ilipotolewa, kila mmoja ulikuwa na kibonde kidogo pembeni, laini, upana wa ulimi. Evangelina alisema ni panya. Lori likaipeleka Minago na Rumonge mjini, na wafanyakazi wakapewa mche mmoja mmoja. Asmani alitumbukiza wake chooni, akajiona amemaliza.

Ijumaa alasiri alirudi nyumbani akamkuta mkewe, Raisa, uani, akimwogesha Hadjara, mtoto wao wa miezi miwili. Beseni lilijaa povu.

"Hiyo sabuni umetoa wapi?"

"Mama Evangelina ametuletea, zawadi ya mutoto. Baba Hadjara, mbona unaniangalia hivi?"

Alimnyakua mtoto, akammwagia maji safi ndoo nzima. Mgongoni ilibaki alama nyeupe, ya unyevunyevu, upana wa ulimi. Aliinusa, akageuka kutapika. Mtoto hakulia. Alikuwa akicheka, kama anayetekenywa.

Siku hiyo alisema yote, kwa mkewe na kwa waliomwosha marehemu. Sabuni iliyobaki ilifukiwa pembeni ya kaburi, dua ikasomwa, kazi akaiacha. Haikusaidia. Kila kukicha Hadjara alikuwa na alama mpya: gotini, kisogoni, kwapani. Raisa aliifuta, na kitambaa kilitoka na ute. Na kila alipofuta, Asmani alisikia ukutani mnong'ono ule wa neno moja. Mwanzo ulimtia kichaa. Baadaye akawa anauombea usikike.

Jana asubuhi Raisa alimfunua mtoto. Akamgeuza huku, akamgeuza huku.

"Baba Hadjara," alinong'ona. "Leo hakuna."

Alikuwa anatabasamu, maskini. Asmani akaweka sikio ukutani. Akasikiliza. Akasikiliza. Kimya.

Ndipo aliponiita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima. Nilitoka mbio. Kwenye kizingiti cha mlango wao palikuwa na kalibu ya mbao, tupu, imeoshwa, bado inachuruzika maji.