Dawa Aliyokunywa Lanyero

Kila asubuhi Koplo Ojera alinyoosha sare yake, akapaka viatu rangi mpaka vikang'aa, kisha akainama kutoka nyumbani. Kuinama ilikuwa lazima. Nyumba yake ilikuwa ile ya bati, ya mviringo, yenye mlango mfupi, ambayo askari wa Uganda wanaiita "mama ingia pole". Kambi yao ya polisi, kule Naguru, ilikuwa na safu nzima ya nyumba hizo. Zilikaribiana mno. Jirani akipiga chafya, ungeweza kumwambia pole ukiwa kitandani kwako.

Mahali kama hapo siri haikai. Lakini Ojera na mkewe Lanyero walikuwa na yao.

Walikuwa wameoana miaka mitano, na mtoto hakuna. Wanawake wengine kambini waliitwa Mama Fulani. Lanyero aliitwa Lanyero. Asubuhi alipanga foleni ya maji bombani pamoja nao. Walizungumza juu ya chanjo, meno ya watoto na sare za shule. Lanyero alicheka walipocheka. Akirudi nyumbani na jerikani yake, kicheko alikiacha bombani.

Miezi sita iliyopita alipata duka la dawa za Kichina mjini, karibu na soko la Owino. Akapewa mifuko ya karatasi yenye mizizi, magome ya miti na vijitunda vikavu. Maandishi yote yalikuwa ya Kichina. Muuzaji alimwambia achemshe mpaka maji yapungue, anywe kikombe asubuhi na jioni. Habari za mume hakuuliza.

Ojera alishukuru moyoni kwamba hakuulizwa.

"Nenda upike nyuma ya nyumba," alimwambia mkewe. "Funika vizuri. Mtu akiuliza, sema ni dawa ya tumbo."

Lanyero alifunika. Lakini harufu haijui kifuniko. Ilikuwa kali na chungu, ikapita nyumba hadi nyumba. Watu wakaanza kunong'ona.

Jumamosi moja, mkubwa wa kambi akasikia kwamba kuna mtu anapika waragi, pombe kali ya kienyeji. Kambini hilo ni kosa kubwa. Anayekamatwa hupoteza nyumba, yeye na jamaa yake yote. Sajenti Abwola akaamriwa kukagua safu nzima. Akachagua askari wawili wa kwenda naye. Mmoja wao alikuwa Ojera.

Walipita nyumba moja moja. Walipokaribia ya kwake, Ojera akajirudisha nyuma ya wenzake. Lanyero alikuwa nyuma, amechutama kando ya sigiri. Majirani walikuwa wamewafuata kutazama.

"Hii nini iko nachemka hapa?" Sajenti Abwola akauliza.

Lanyero alimtazama mumewe. Macho yake yalimwomba aseme neno moja tu. Ojera akajitia hamnazo, akatazama viatu vyake.

"Ni dawa ya tumbo, afande," Lanyero akajibu.

"Tumbo gani hiyo, miezi sita? Beba sufuria. Hii ni kielelezo. Tapeleka kwa mkubwa."

Lanyero akaona nyumba inakwenda na kazi ya mumewe inakwenda. Akasimama.

"Afande, si waragi. Ni dawa ya Wachina, ya kupata mtoto." Akafunua sufuria. "Mimi sizai."

Kisha mtu mmoja kule nyuma akacheka.

"Banange! Kumbe shida iko kwako," alisema Mama Akot, jirani wa mlango wa pili. Hakuwa na nia mbaya, lakini neno likishatoka halirudi. Sajenti akanusa sufuria, akakunja uso, akaenda zake. Ojera akamfuata. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu siku hiyo Lanyero hakwenda bombani asubuhi. Alikwenda saa saba mchana, jua likiwa kali na foleni haipo. Ojera alimwona akirudi peke yake, uso umemshuka. Aibu ya Lanyero ilijulikana kambi nzima. Ya Ojera aliijua mwenyewe tu, nayo ilimla ndani kwa ndani. Alikuwa amesimama pale na sare ya serikali, akamwacha mkewe ajitetee peke yake.

Jumatatu alikuja Sista Rehemah, nesi wa zahanati ya kambi. Babu zake walikuwa Wanubi, askari wa zamani, naye alizaliwa na kukulia kambini. Aliinama mlangoni, akaketi.

"Mwanangu, nionyeshe hizo dawa," alimwambia Lanyero.

Akatazama mfuko. Kisha akamvuta Lanyero kwenye mwanga, akashusha kope lake kwa kidole.

"Macho yako yana manjano. Unachoka? Mkojo umekuwa mweusi?"

"Ndiyo, Sista. Nikadhani ni dawa iko nafanya kazi."

"Acha kuinywa leo hii. Ini lako halina raha. Usitupe mfuko, tutampelekea daktari auone."

"Kwa hiyo Wachina ni waongo?" Ojera akauliza haraka. Alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu.

"Sijasema hivyo. Kwao wako waganga wanaosomea miti hiyo miaka mingi. Wataalamu bado wanaichunguza, lakini mpaka leo haijathibitishwa vizuri kwamba inaleta mimba. Na huu mfuko, nani hapa anajua ndani mna nini? Dawa ya miti ni dawa. Inaweza kudhuru ini, inaweza kugombana na dawa nyingine. Mtu akinywa ya aina yoyote, amwambie daktari."

Kisha akamgeukia Ojera. "Haya, na wewe umepimwa?"

"Mimi?" Ojera akacheka kidogo. "Sista, mimi niko mzima. Nguvu iko."

"Kule depo mlikofunzwa, mlipiga risasi baridi, zile tupu za mazoezi?"

"Tulipiga."

"Bunduki ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa."

"Ililia?"

"Ililia sana."

"Kuna kitu kilianguka?"

"Hakuna," Ojera akajibu taratibu. Lanyero, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akakaribia kucheka.

"Nguvu ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine," Sista Rehemah akasema. "Katika nyumba mbili zinazokosa mtoto, karibu nyumba moja mwanamume naye ana tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Mkikaa mwaka mzima bila kuzuia mimba na mtoto hakuna, nendeni hospitali. Mke akipita miaka thelathini na tano, msingoje zaidi ya miezi sita. Na mnakwenda wote wawili, siku moja. Kumpima mwanamume ni rahisi, hachomwi wala hakatwi. Anakaa siku mbili au tatu bila kukutana na mkewe, kisha anatoa mbegu kwenye kikopo cha hospitali. Basi."

Ojera akainamisha kichwa. Kipimo rahisi namna hiyo alikikimbia miaka mitano. Mkewe amekunywa uchungu mpaka macho yakageuka rangi, kwa sababu yeye aliogopa kikopo.

Wiki hiyo walikwenda hospitali ya serikali pamoja. Lanyero alipimwa damu, ini na kizazi. Ojera alipimwa mara mbili, wiki chache zikipita katikati. Siku ya majibu daktari aliwakalisha. Ini la Lanyero lilikuwa linapona. Kizazi chake kilikuwa salama. Mbegu za Ojera zilikuwa chache sana, kwa sababu mishipa ya damu kwenye korodani ilikuwa imevimba. Upasuaji mdogo ungeweza kusaidia. Daktari hakuwaahidi mtoto. Alisema wengi hupata nafuu, si wote, na mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa.

Njiani Ojera alitembea mbele, haraka. Ni Lanyero aliyesema.

"Usiwaambie watu. Mimi wameshanicheka. Waache wafikiri ni mimi."

Maneno hayo yalimchoma Ojera kuliko kicheko chochote. Angemtukana, angevumilia.

Mwisho wa mwezi kukawa na ukaguzi tena. Sajenti Abwola akamchukua Ojera tena, majirani wakafuata tena. Walipofika kwenye ile nyumba, Sajenti akachungulia sigiri. Palikuwa na maharage.

"Leo pombe ya Kichina hakuna?" akatania. Watu wakacheka. Lanyero akaanza kuinama aingie ndani.

"Lanyero, ngoja," Ojera akasema. Akasimama kando ya mkewe. "Afande, na nyinyi majirani. Ile dawa, mke wangu alikuwa anakunywa kwa ugonjwa wangu. Tumepimwa wote. Yeye mzima. Mwenye shida ni mimi. Na siku ile nilisimama hapa nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Mama Akot akaziba mdomo kwa kitenge, machozi yakamtoka.

"Nisamehe, nyabo," alimwambia Lanyero. "Mimi nilisema vibaya."

Sajenti Abwola akakohoa, akaamuru waendelee. Lakini jioni alimvuta Ojera kando. Akatazama huku na huku. "Koplo, ile kipimo... mtu anaingilia mlango gani?"

Ojera alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Lanyero hakuonja tena mizizi ya kwenye mfuko. Macho yake yakarudi meupe. Miezi minane baadaye Sista Rehemah alimpima mkojo, akatoka nje ya zahanati akipiga vigelegele mwenyewe, na wote kambini wakasikia.

Kesho yake asubuhi, wanawake walipokuwa bombani, walimwona Lanyero anakuja mikono mitupu. Nyuma yake alikuja Koplo Ojera, amevaa sare, viatu vinang'aa, amebeba jerikani.

"Koplo! Na sare?" Mama Akot akapiga kelele. "Huoni haya?"

"Haya niliona siku ile nyingine," Ojera akajibu, akaweka jerikani yake kwenye foleni.