Bibi Naisiae Alitaka Rangi

Kalenda ya kwaya ilitoka safi kabisa, isipokuwa Thomasi mpiga kinanda. Wanakwaya wote wamevaa majoho ya zambarau, nyuma yao Mlima Meru umekaa na wingu lake kichwani kama mwanamke aliyetoka saluni, na katikati ya rangi zote hizo Thomasi yuko jivu. Uso jivu, joho jivu, mpaka meno jivu.

"Mama Tabea, huyu mwenzetu mmemfanyia nini?" mwenyekiti wa kwaya akauliza. "Mbona kama katolewa jikoni, chini ya mafiga?"

"Ni wino tu, kaka. Ngoja nikutolee nyingine," akasema Elieshi, mama Tabea mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kuprinti. Akaangalia kwenye kompyuta. Alikuwa amechagua kala, yaani rangi. Akachagua kala tena, akabonyeza. Thomasi akatoka jivu vilevile.

Mume wake, Sumari, mwenye duka, akasema kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni, "Chukueni hivyo hivyo. Mpiga kinanda anasikilizwa, haangaliwi."

Watu wakacheka. Thomasi mwenyewe alicheka kuliko wote.

Haikufika Jumapili ya pili. Alianza kuwa jivu kwenye kucha, ikapanda kwenye midomo, na katikati ya wimbo akalala juu ya kinanda, na ile sauti aliyoiangukia ikalia kanisani bila kukoma mpaka walipomvuta. Walimzika kwao Kikwe. Hakuwa anaumwa hata mafua.

Sasa, stesheneri ya Sumari iko pale Tengeru, jirani na soko, na mashine yake ya kuprinti kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River haina mwenzake. Hilo nalisema mimi, na anayebisha aje. Ilitoka kwenye ofisi moja ya mjini iliyofungwa, kubwa kama ng'ombe wa kisasa mwenye mimba. Siku inashushwa, wanaume wanane walikaa chini wakashika viuno, mpaka nilipoingiza bega langu mimi. Inatoa kala, inatoa blaki, inatoa mbele na nyuma, karatasi ndogo, karatasi kubwa kama shuka. Ni kuchagua tu kwenye kompyuta na kubonyeza. Lakini Sumari hakujua kubonyeza hata kitufe kimoja. Kubonyeza ilikuwa kazi ya mke. Kazi yake yeye ilikuwa kulinda wino. Mteja hajafungua mdomo, keshamwambia, "Kala ya nini? Blaki inasomeka."

Maneno hayo hayo ndiyo aliyomwambia mama yake.

Mama yake ni Bibi Naisiae. Huyo ndiye aliyebeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka juu mlimani, miaka na miaka, mpaka shingo ikazama mabegani, ili Sumari apate mtaji. Kifua ndicho kilichomuua, kifua na ugoro. Alipokuwa kitandani alimwita mwanawe, akamwonyesha picha ambayo mjukuu wake Tabea alimpiga kwa simu. Amevaa kitenge cha njano chenye jogoo mwekundu.

"Sumari, mimi nilipigwa picha ya kitambulisho tu, nimekaa kama mwizi," akasema. "Nikifa, kwenye ratiba yangu ya mazishi unitoe na rangi. Na hiki kitenge changu. Watu wanishike mkononi nikiwa na rangi yangu."

"Ndiyo, mama. Si nina mashine?"

Akafa. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na kadi za harusi ya matajiri, na wino wa rangi ulikuwa ukingoni. Elieshi alikuwa keshaipanga ratiba ya mazishi vizuri, kidole kiko kwenye kala.

"Weka blaki," Sumari akasema.

"Baba Tabea! Ni mama yako. Alikuomba."

"Marehemu anajua rangi? Weka blaki."

Basi wakamzika mama mwenye mtoto mwenye mashine ya rangi akiwa jivu, jogoo jivu, kitenge kama gunia la mkaa. Waombolezaji waligeuza ile ratiba huku na huku kwa aibu, wengine wakajipepea nayo. Na mimi nilikuwepo pale, nililia machozi mpaka mifereji ya kahawa ikajaa, lakini Sumari hakulia. Alikuwa anawahi kurudi dukani.

Baada ya hapo ndiyo kalenda ya kwaya. Baada ya kalenda ikaja kadi ya harusi ya kijana wa Lemburis. Mama wa bwana harusi akatoka jivu. Ng'ombe aliyenunuliwa kwa ajili ya harusi akaliwa msibani, na watu walewale, kwenye viti vilevile.

Elieshi akaanza kuogopa. Sumari akasema ni wino wa bandia.

Ikafika Julai, ile Julai ya Tengeru ambayo ukungu unashuka mlimani mchana kweupe na kukaa barabarani kama ng'ombe asiye na mwenyewe. Tabea alikuwa anapata kipaimara Jumapili. Ni mtoto wao pekee, na kabla ya kumpata Elieshi alizika wawili. Saa ya baridi ile, wateja wameondoka, Elieshi akaketi kutoa kadi za mwanawe. Picha ilikuwa nzuri: Tabea kasimama kwenye maua mekundu, mgomba wa kijani nyuma, gauni la bluu. Akachagua kala. Akakagua mara tatu, kala, kala, kala. Akabonyeza.

Maua yakatoka mekundu. Mgomba ukatoka kijani. Tabea akatoka jivu.

Elieshi alinyoosha mkono azime mashine, na kabla hajaifikia umeme ukakatika, taa zikazima, kompyuta ikazima, duka lote likawa kimya na ukungu ukiingia mlangoni polepole, na katika kimya kile mashine, ambayo haikuwa na umeme hata wa kuwasha kiberiti, ikaanza kuvuta pumzi, kho, kho, halafu fyuuu, kama kifua cha mtu aliyelala chali, kho, kho, fyuuu, na harufu ya ugoro uliokorogwa na magadi ikajaa puani mwake, ugoro ule ule aliokuwa akimsagia mama mkwe wake kila Jumamosi, na karatasi zikaanza kutoka moja moja, taratibu, zikidondoka miguuni pake, na kila karatasi ina Tabea, na kila Tabea ni jivu kuliko aliyetangulia, mpaka ikatoka karatasi ya mwisho ambayo maua yapo, mgomba upo, gauni halipo, Tabea hayupo, na pale alipokuwa amesimama, sasa amesimama jogoo mwekundu.

Alikimbia mpaka nyumbani bila viatu. Tabea alikuwa amejifunika blanketi karibu na moto.

"Mama, nasikia baridi," mtoto akasema, akatoa mikono. Kucha zilikuwa jivu.

Sumari aliporudi, Elieshi alimvuta nyuma ya zizi, wakanong'ona.

"Ni mama yako."

"Nyamaza. Mama yangu ni Mkristo."

"Ulimnyima rangi, baba Tabea. Sasa anachukua ya mtoto."

"Punguza sauti, majirani watasikia."

"Wasikie! Nikizika wa tatu, na wewe nitakuzika humo humo!"

Mwanamume akaona macho ya mke wake, akaogopa. Akaenda kumwita Hanna wa Poli. Hanna aliwahi kuugua majini Tanga ujanani, akarudi anayafahamu kama mtu anavyofahamu mashemeji wabaya. Mama mkali, mdomo wembe. Akaja kwa miguu kwenye ukungu, akanusa mlango wa duka tu, akatema mate.

"Shikamoo, mama," Sumari akasema.

"Marahaba ya nini na wewe? Huyu humu ndani si mama yako. Mama yako amelala, masikini, amechoka kubeba ndizi. Hili ni jini. Limezurura weee, limekuta kuna uchungu wa mama mtu umeachwa wazi kama mlango, likaingia, likavaa kitenge chake. Sasa linakula rangi za watu. Thomasi limemla, mama wa kwa Lemburis limemla. Kwako limekuja mwisho kwa sababu ndiyo nyumbani."

"Tufanyeje, mama?" Elieshi akauliza. "Mwanangu anapoa."

"Mfunge mlango mliouacha wazi. Ile ratiba itolewe upya, mbele na nyuma, yote rangi. Na aitoe huyu, kwa mkono wake, aliyemnyima. Si wewe mkewe. Halafu aende kaburini na jani la isale mkononi, lile la kuombea msamaha, aombe msamaha mbele ya ukoo, awagawie watu zile karatasi. Isale haikataliwi, hata na aliye chini."

Akamgeukia Sumari, akamshika kidevu kama mtoto. "Mbele na nyuma. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kesho yake asubuhi, Elieshi alimwelekeza mumewe kwenye kompyuta. Idadi andika hapa. Rangi chagua hapa. Hapa mbele na nyuma kwa pamoja. Kabla hajamaliza akaitwa, Tabea ameanza kutetemeka, akatoka mbio. Sumari akabaki na mashine.

Akaichagulia kala. Ila pembeni ya kioo aliona vipimo vya wino, vile vijiti vya rangi, viko chini kabisa, na mezani kuna rundo la kadi za kipaimara za watoto wa watu zinazosubiri. Akafikiri. Mbele ni mama na kitenge chake, hiyo sawa. Nyuma kuna nini? Nyimbo mbili za msibani, na chini yake picha ya familia nzima waliyopiga Krismasi, bibi katikati, yeye, Elieshi, Tabea, wadogo zake, wapwa wote.

"Nyuma nani anaangalia?" akasema peke yake.

Akatoa mbele zote kwa kala. Akazigeuza, akazirudisha kwenye droo ya karatasi, akachagua blaki, akatoa nyuma. Mashine haikukohoa hata kidogo. Ilitoa kwa utulivu, kama ng'ombe anayekamuliwa.

Mchana ukoo ulisimama kwenye migomba kuzunguka kaburi. Mwinjilisti akaomba. Sumari akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri, jani la isale mkononi.

"Mama," akasema, na safari hii alilia kweli, "nilikunyima kitu kidogo na wewe hukuninyima chochote. Nisamehe. Mwachie mtoto."

Akaiweka isale kaburini. Karatasi zikagawiwa, na watu wakaguna kwa furaha, maana pale alikuwa Bibi Naisiae mwenyewe, njano inawaka, jogoo mwekundu utadhani atawika. Upepo ukapita ukaondoa ukungu, na Mlima Meru ukatokea wote kuanzia miguu mpaka kichwa, jambo ambalo Julai mimi nimeliona siku hiyo tu. Tabea, aliyeletwa amebebwa mgongoni na mjomba, akainua uso.

"Mama, joto limerudi," akasema. Elieshi akamshika vidole. Kucha zilikuwa za waridi. Akakaa chini pale pale kwenye majani, akacheka na kulia kwa pamoja, na wanawake wakampigia vigelegele.

Hanna peke yake hakushangilia. Alikuwa ananusa.

"Nani kavuta ugoro?" akauliza.

Tabea alikuwa ameshika karatasi yake. Akaigeuza.

"Baba," akasema, "mbona nyuma hivi?"

Watu wakageuza karatasi zao, mmoja, na wa pili, na wote, na lile guno la furaha likakatika kama limekabwa koo, kwa sababu nyuma, chini ya zile nyimbo, familia nzima ya Sumari ilikuwa imekaa vilevile ilivyokaa Krismasi, yeye, mke, mtoto, wadogo, wapwa, wote jivu, jivu la mafiga, na katikati yao, kwenye karatasi iliyotolewa kwa blaki, kwa wino mweusi mtupu, Bibi Naisiae alikuwa amekaa na rangi zake zote, njano, nyekundu, midomo imenona, na alikuwa anatabasamu, na Krismasi ile kila mtu anakumbuka bibi hakutabasamu, alikuwa anakohoa.

"Nilikwambia mbele na nyuma," Hanna akasema taratibu. Akakaza kitenge chake kiunoni, akaanza kushuka mlima bila kuaga.

Elieshi hakumtazama mume wake. Aliangalia mikono ya Tabea. Halafu akaangalia ya kwake.

Sumari akafungua mdomo ajitetee, aeleze habari ya wino, na wateja, na Jumapili.

Kho, ikatoka. Kho. Fyuuu.